Sauti Tatu za Chini

Hakuna mtu anayetoka kanisani akipiga mluzi sauti ya tatu. Nimeishi Ifakara tangu niolewe, na kila Jumapili nimewasikia watu wakirudi Mlabani kwa miguu na kwa baiskeli, midomoni mwao sauti ya kwanza ya nyimbo za mume wangu. Hiyo ya kwanza ilikuwa yake kweli, sibishi. Zile tatu za chini, alto, teno na besi, nilizitunga mimi. Sasa ni mjane, na uzee umenipunguzia ile adabu ya kunyamaza, kwa hiyo nayasema.

Kinanda nilifundishwa na masista nikiwa msichana wa bweni. Kilikuwa kinanda cha kukanyaga, ukipumzisha miguu nacho kinakata pumzi. Masika yakija vibao vyake vinavimba kwa unyevu, unabonyeza kimoja vinashuka viwili. Sista aliyenifundisha alikuwa na fimbo fupi na subira ndefu, na kwa vyote viwili alinionyesha jinsi sauti nne zinavyotembea njia moja bila kukanyagana. Wenzangu walikuwa wanaota waume, mimi naota besi inayoshuka taratibu huku soprano inapanda. Mume nikampata hata hivyo: mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kiberege, mwenye koo zuri, na asiyeweza kuweka sauti ya pili hata kwa dawa.

Nyimbo zilimjia shambani, tukiamia ndege kwenye mpunga. Anapiga debe, anapiga kelele, kisha katikati ya kelele hizo anaanza kuimba kitu ambacho hakijawahi kuimbwa. Jioni ananiimbia jikoni. Naandika do-re-mi zake kwenye karatasi na, wali ukiwa motoni, naanza kuzitafutia wenzake. Mara nyingi wali uliungua na hakuwahi kulalamika. Namshukuru kwa hilo, maana mambo ya kumshukuru si mengi.

Watu hudhani kuweka sauti ni kujaza nafasi, kama mtu anayeziba mashimo ya ukuta kwa udongo. Si hivyo. Mwanamume wa teno ukimpa mahali pamoja tu pa kuinua sauti hakosi mazoezi mwezi mzima, ukimnyima anaanza kuumwa kila Alhamisi. Waalto wengi husahauliwa, hupewa nota moja waishikilie mpaka wimbo uishe. Mimi wangu niliwatembeza. Mwisho wa wimbo nilipenda kumchelewesha alto kwenye fa, wenzake wote wameshafika nyumbani, watu wanamngoja, ndipo namshusha kwenye mi. Kanisa zima linashusha pumzi bila kujua kwa nini. Ilifika mahali walimu wa kwaya mpaka Mahenge wakauita mtindo wa Mwalimu. Mwalimu mwenyewe nilimweleza mara tatu alto anafanya nini pale, na mara zote tatu akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya Kilatini.

Jina la mtunzi huandikwa juu ya nota, kona ya kulia. Kwenye wimbo wa kwanza niliandika jina lake kwa mkono wangu, tena kwa mapenzi, tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Hakuna aliyelazimisha. Lakini nota zilianza kutolewa kopi, kopi ikazaa kopi, nyimbo zikafika tusikokujua. Wanakwaya wakatoka Uchindile wakaja kumwona mtunzi. Walimkuta barazani, wakamwamkia, wakamwuliza anapata wapi mawazo ya besi kama zile. Akasema ni neema ya Mungu. Mimi nilikuwa napita na sinia la soda. Nilimtazama, akatazama miguu yake. Neema ya Mungu ikarudi jikoni kuosha glasi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya sifa hizo nyimbo zake zilianza kuwa za uvivu, mistari miwili ya zamani ameigeuza mbele nyuma, na mimi nikiamka alfajiri kuzivalisha nguo za watu. Miaka ilipita hivyo. Watu waliniita Mama Mwalimu, yaani mke wa mwalimu. Nililiitikia jina hilo, na moyoni nilikuwa nachacha.

Kisha akaja na wimbo wa mwisho. Alitoka nao shambani peke yake, magoti yangu yalikuwa yameshanikatalia njia ya mashamba. Ulikuwa wimbo wa shukrani baada ya komunyo. Aliuimba amesimama mlangoni mwa jiko, na ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kutunga. Kabla hajamaliza ubeti nilishamsikia alto wangu, nilishamwona teno anapopandia.

Nikasema, "Mwalimu, huu nitauwekea sauti, ila safari hii juu tuandike majina mawili."

Alinitazama kama vile nimemwomba shamba. "Mke wangu, watu watauliza na zile nyingine zote zilikuwa za nani."

"Waulize."

"Ukinipenda utaweka."

"Na wewe ukinipenda utaandika."

Hakuna aliyeandika, hakuna aliyeweka. Karatasi ikaingia kwenye faili ikiwa na sauti moja. Tuliendelea kula pamoja na kusali pamoja, hata kucheka tulicheka, lakini jikoni hakuja tena kuimba. Alipopigwa na kiharusi nilimuuguza kwa mikono yangu yote miwili. Wodini, mdomo wake ukiwa umepinda upande, alikuwa akiuvumisha ule wimbo puani, polepole, na kila mwisho wa mstari anasita. Nilijua anangoja nini. Alto alikuwa kwenye ulimi wangu. Sikufungua mdomo. Mimi pia nilikuwa nangoja, na ningengoja mpaka leo kama angeishi. Alipokufa nilimlilia mpaka sauti ikanikauka, na bado nilikuwa nimemkasirikia.

Misa ya kumbukumbu ilipokaribia, mwenyekiti wa kwaya alikuja nyumbani. Ni mtu mzima sasa, lakini alianza kuimba teno akiwa kijana, na mahali pote alipowahi kusifiwa kwa kuimba nilimwekea mimi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Alikaa, akapangusa jasho. Mwanangu mkubwa alikuwa amewapa faili la nota bila kuniuliza. "Mama, tumekuta wimbo mmoja wa Mwalimu umebaki na sauti ya kwanza tu," akasema. "Bila shaka ugonjwa ulimwahi. Tumempata mtunzi mmoja wa Morogoro, msomi wa muziki, atauwekea hizo nyingine."

"Na mimi je? Nitauwekea mimi."

Alicheka kwa upole, upole ule usiokupa pa kushika. "Mama, umeuguza mpaka umekonda. Wewe pumzika. Siku hiyo tutakukalisha mbele, na kitenge chako tumeshanunua."

Ningeweza kumwambia pale pale. Nilijizuia makusudi. Nilisema moyoni, hawa nimewalea masikio kwa miaka yote hiyo, wacha wasikie wenyewe. Wakisikia tofauti watauliza, na wakiuliza nitajibu. Nikamwongezea chai.

Siku ya misa kanisa lilijaa. Nilikaa mbele na kitenge changu. Kinanda siku hizi ni cha umeme, kijana anabonyeza kitufe na ngoma zinaanza zenyewe, ila kwa heshima ya marehemu walizizima. Wakaanza ule wimbo. Sauti ya kwanza ilipopanda nilimwona amesimama mlangoni mwa jiko, na machozi yakanitoka. Halafu nikasikiliza chini. Yule msomi hakukosea mahali popote, namtendea haki. Kila nota ilikuwa halali. Waalto walikaa kwenye sol kama kuku anayeatamia, mateno walifuata walikoambiwa, na mwisho wote wakafika pamoja, kama watu walioshuka basi moja. Watu wakapiga makofi. Nami nikakausha machozi nikangoja.

Nje, watu wakiwa bado wanasalimiana, mwenyekiti alinivuta kando.

"Mama, nikuulize jambo, usinielewe vibaya. Nimeimba nyimbo zote za Mwalimu tangu ndevu hazijaota. Huu wa leo, juu ni yeye kabisa. Lakini chini sijui niseme nini. Chini hayupo."

Nikashika nguzo. Alikuwa amesikia. Hata kama ni huyu mmoja tu, alikuwa amesikia.

"Mwanangu," nikamwambia, "chini hakuwahi kuwepo hata siku moja. Sauti hizo nilikuwa naweka mimi. Za nyimbo zote. Zako za teno zote ni mimi."

Akanitazama. Macho yake yakalegea, yakajaa maji. Akaishika mikono yangu yote miwili, nami nikajua kwamba hatimaye neno limefika.

"Kweli kabisa, Mama," akasema. "Ndoa ni mwili mmoja. Alichotunga yeye mmetunga wote. Mungu akubariki kwa kumtunza."

Akageuka, akawaita wenzake waje tupige picha. Walikuwa wamefunga ukutani bango kubwa lenye sura ya marehemu, na chini yake jina na neno mtunzi kwa herufi nyekundu. Wakanisimamisha mbele ya bango, kwaya nzima kulia na kushoto na sare zao. Mpiga picha alitazama, akashusha kamera, akaniomba kwa adabu nisogee pembeni kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeziba jina lake.