Taya la Fundi Saa

Kazi ya Mchoraji ni kuchora maorki. Wasiocheza gemu wakimuuliza ni vitu gani hivyo, hujibu kwamba ni mazimwi, nao huridhika. Wachezaji wakimuuliza, hulazimika kuwauliza kwanza: orki yupi? Katika gemu moja orki ni wa kijani kama papai bichi na akili zake ni za kuvukia barabara tu. Katika nyingine ni wa kijivu, kaumbwa kwa tope, na wapo maelfu ili mchezaji awaue bila kujuta. Katika ya tatu ana heshima zake, ana mke, anaapa kwa mababu, ila shati bado hana. Tangu aanze kazi hiyo Mchoraji hajaona mteja aliyemruhusu orki kuvaa shati.

Ofisi yao iko ghorofani, juu ya duka la dawa. Maelekezo hutoka kwa wateja wa mbali, na kwa kuyasoma mwaka hadi mwaka aligundua kwamba orki ni vazi la mitumba lililoshonwa kwa viraka. Chonge ni za ngiri. Farasi na pinde ni za wafugaji wa nyika za mbali, ambao zamani walizikosesha usingizi dola za watu. Chale za mwilini zimetoka visiwa fulani. Vijiji vya nyasi, mikuki na ngoma, hivyo hakuwa na haja ya kuuliza vimetoka wapi. Hakuna mwenye mali aliyebishiwa hodi.

"Bosi, ngoma waliyotuma ni ya harusini," alisema siku moja. "Hapa wameandika ya vita."

"Basi ichore imekasirika," bosi akajibu.

Kwa hiyo alipopewa kazi ya kumbuni mkuu wa maorki katika gemu mpya, aliamua kutogusa mali ya mgeni yeyote. Alichukua taya la baba yake.

Baba yake ni fundi saa. Mtaa mzima hauna mtu mpole kumshinda. Hata nzi hamfukuzi, humwomba aondoke. Lakini taya lake limechomoza kama droo iliyosahauliwa wazi, na anapobana pumzi kutia springi mahali pake, meno mawili ya chini hupanda juu ya mdomo na kukaa hapo mpaka saa ianze kugonga. Uso huo Mchoraji aliupenda tangu utotoni. Akauchora kwa uaminifu, akaupaka kijani. Mteja akaandika kwamba hatimaye amepata sura ya ukatili wa kweli.

Gemu ilipotoka, duka la simu linalotazamana na kibanda cha Fundi likatundika bango la mkuu huyo na rungu lake, refu kama mlango. Asubuhi hiyohiyo muuzaji wa simu alisimama kizingitini, akatazama bango, akatazama ng'ambo ya barabara.

"Fundi! Kumbe una kazi nyingine hutuambii!"

Mteja wa kwanza kufika alishika saa yake kwa mikono miwili. "Mzee wangu, hii usiitengeneze kwa rungu, nakuomba."

Fundi alicheka pamoja nao siku ya kwanza. Siku ya pili alifanya kazi huku amefunika mdomo kwa kiganja, na saa haitengenezwi kwa mkono mmoja. Ya tatu alijifunga kitambaa usoni, lakini pumzi zake zikawa zinapanda na kutia ukungu kwenye kioo chake cha kukuzia. Saa zikaanza kurundikana. Wateja wakaanza kuzichukua na kwenda nazo kwingine. Shangazi ndiye aliyempigia Mchoraji simu: "Wewe mtoto, umemfanya nini kaka yangu?"

Akaenda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Kitambaa hakikutoka.

"Jino linauma?"

"Taya. Nasikia limekwenda vitani."

"Ni mimi, baba."

"Najua. Nani mwingine amekaa mbele ya taya hili miaka yote hiyo?" Akaliashiria bango kwa koleo lake dogo. "Huyo rungu la nini?"

"Anavunja lango la mji."

"Halafu?"

"Anauawa."

"Na nani?"

"Na yeyote aliyenunua."

Fundi akaliweka koleo chini.

"Wenzangu wote huchukua vya watu bila kuuliza," Mchoraji akasema. "Nikaona heri nichukue cha nyumbani."

"Na wa nyumbani ulimuuliza?"

Mchoraji akazitazama saa zilizorundikana.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Fundi akakiambia kitambaa chake, kisha akamgeukia binti yake. "Nitoe pale, mama. Ukitaka kuazima, azima chako."

Bosi alipinga ombi hilo mpaka aliposikia kwamba anayelalamika ni mzazi. Yeye mwenyewe alikuwa na baba. Akaruhusu sura mpya, mradi iwe ya kutisha vilevile. Wachoraji wengine wakaanza kupendekeza mataya ya wajomba na ya mama wenye nyumba. Mchoraji akakataa yote. Aliweka kioo mezani, akabana pumzi, akachora alichokiona.

Bosi aliziweka picha mbili pamoja, akazitazama kwa muda.

"Umebadilisha nini?"

"Taya."

"Hili la nani?"

"Langu."

Bosi akainua macho na kumtazama usoni, pengine kwa mara ya kwanza tangu amwajiri. "Pole," akasema, na kuidhinisha.

Bango jipya Mchoraji alilipeleka mwenyewe kwenye duka la simu. Fundi akavuka barabara, kitambaa usoni, akalikagua kutoka juu hadi chini kama anavyokagua saa iliyouzwa kwa bei rahisi.

"Huyu ni wewe."

"Ndiyo, baba."

"Ulijiuliza kwanza?"

"Nilijiuliza."

"Ukakubali?"

"Nilisitasita."

Fundi akafungua kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni. Muuzaji wa simu alikuwa tayari kaanza kucheka.

"Huyo si mimi," Fundi akamwambia kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mtihani. "Huyo ni binti yangu."

Muuzaji akatazama bango, akamtazama binti, akamtazama baba.

"Mnafanana."

"Kidogo," Fundi akasema, na kurudi kwenye saa zake.