Pachaiyamma na Chupa Mbili za Damu

Pachaiyamma hajawahi kumwogopa nyoka, na nalisema hili mapema msije mkadhani nawaletea habari za mwanamke wa kupiga mayowe. Sisi Wairula, wakamata nyoka wa kusini mwa India, tumezaliwa nao. Baba yake alimshikisha mkia wa swila angali na meno ya utoto, akamwambia, "Mshike kama unavyoshika mkono wa mgeni, usimminye." Tangu siku hiyo hajui kuminya.

Kazi yake ni uani, kwenye ushirika wetu wa wakamata nyoka. Kuna vyungu vimepangwa mchangani, kila chungu na nyoka wake, na mdomo umefungwa kitambaa. Pachaiyamma hufungua, humtoa nyoka kwa fimbo ya ndoano, humkabidhi fundi amkamue sumu, kisha humrudisha. Wiki tatu nne zikipita, nyoka hupelekwa porini akaachiwa aende zake. Sumu nayo huenda kiwandani, ikarudi hospitali ikiwa dawa ya walioumwa.

Ukimkuta amekaa vizuri, atakwambia tabia zao kama anayewasema mawifi. Swila ni mwenye makeke, hutanua shingo na kutisha kwanza, ukiondoka naye anaondoka. Kifutu mkubwa ni mvivu, hulala pale pale kwenye tuta la mpunga akifoka kama sufuria ya presha, na ole wake asiyesikia. Yule mweusi wa pete nyeupe mchana ni mpole hata aibu. Usiku huingia kwenye mkeka wa aliyelala akamuuma bila maumivu. "Lakini suruttai, mama yangu weee!" Hapo Pachaiyamma hutikisa kichwa. Suruttai ni kifutu mdogo wa kwenye mawe, hafiki hata urefu wa mkono. Hujikunja-kunja akisugua magamba yake, ukasikia kama vitunguu vinakaangwa, na kabla hujageuka amesharuka. "Mfupi, mwenye hasira. Namjua mmoja wa namna hiyo, nimeolewa naye."

Mume wake ni Ettiappan, na hapo hakumsingizia. Mfupi ni mfupi kweli, na hasira anazo. Lakini kwa kukamata nyoka, tumuache! Asubuhi hutazama vumbi akakwambia tumbo la nyoka gani limepita hapo, saa ngapi, na limeingia shimo lipi. Huchimba kwa mtaimbo mfupi, kisha huingiza mkono mtupu. Miaka ishirini na sita hajaumwa, na hajawahi kupitisha siku bila kutukumbusha.

Maana kwetu mkamataji akiumwa huchekwa. Watu husema mkono wake umechakaa, na wenzake huanza kuona visingizio vya kutoandamana naye porini. Kwa hiyo anayeumwa huficha, hutafuna mizizi kimya kimya, na akipona hakuna aliyejua. Ujinga mtupu, nausema waziwazi, lakini ni ujinga wetu na tumeulea wenyewe.

Basi Jumanne moja asubuhi Ettiappan alikuwa mlangoni akipiga mswaki kwa kijiti cha mwarobaini. Akatema. Pachaiyamma alikuwa anakoroga uji wa ulezi, akaona mate mekundu mchangani. Akatema tena, mekundu zaidi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa tangu jana. Alikuwa amesema kaugonga kwa mtaimbo.

"Baba Valli, fungua huo mkono niuone."

"Uone nini? Koroga uji wako, usije ukaungua."

"Nasema fungua."

"Mtaimbo umeniponda kidole, nimekwambia. Au siku hizi mtaimbo nao una meno?"

Pachaiyamma akaepua chungu. Sauti hakuipandisha. Aliingia ndani akatoka na chupa mbili ndogo za glasi, safi, kavu, na sindano. Nesi mmoja aliwahi kuja uani akawafundisha wanawake wetu: damu ya mtu ukiiweka kwenye chupa kavu ya glasi bila kuitikisa, dakika ishirini zikipita inaganda. Sumu ya suruttai ikishaingia, haigandi.

"Kama ni mtaimbo, toa damu hapa," akasema. "Na mimi natoa yangu. Zikiganda zote mbili, nitakuomba radhi mbele ya watu."

Majirani walishaanza kujongea, maana kwetu ugomvi wa asubuhi hauhitaji kualikwa. Mzee Chokkan naye alifika, yeye ndiye kiongozi wa wakamataji, mswaki ukiwa bado mdomoni. Ettiappan akatazama huku na huku. Akikataa, amekiri.

"Lete hiyo sindano," akasema kwa kiburi. "Mwanamke akishakaa na manesi siku mbili tu anajiona daktari!"

Watu wakacheka. Akajichoma, akadondosha damu chupani. Pachaiyamma akajichoma pia. Akaziweka chupa ukingoni mwa baraza, akatoa simu yake aangalie saa, na akasimama mbele ya chupa hizo mikono kiunoni, asimruhusu hata kuku kupita karibu.

Dakika kumi hazijaisha, tundu la sindano kidoleni mwa Pachaiyamma lilishakauka. La mumewe lilikuwa bado linachuruzika. Aliliona, akasubiri. Alitaka waione wote.

Zilipotimia ishirini, akainua chupa yake akaipindua taratibu. Damu ilikaa pale pale chini, nzito kama mtindi. Akainua ya mumewe. Ikamiminika yote, ikatiririka mpaka mchangani kama maji ya ukwaju.

Hakuna aliyecheka.

"Suruttai," akasema Pachaiyamma. "Amekuuma ukanificha mimi. Mimi! Ninayelala ubavuni mwako!"

"Nimeshakunywa mizizi," Ettiappan akanong'ona. "Nipe siku mbili tu. Mzee, mwambie."

Mzee Chokkan akatoa mswaki mdomoni. "Mizizi yetu ilikuwepo kabla ya hospitali, mama Valli."

"Ilikuwepo, na makaburi pia yalikuwepo. Sumu tunawakamulia sisi, mzee. Nyoka nawatoa mimi kwa mikono yangu. Wakulima kila kijiji wanapona kwa sumu ya vyungu vyangu, halafu huyu afie mlangoni kwangu akitafuna mizizi? Thubutu!"

"Mwirula kupelekwa hospitali kwa nyoka," Ettiappan akalalamika. "Watu watasema nini?"

"Watasema una mke. Simama!"

Hakusimama. Kichwa ngumu yule, asikwambie mtu. Pachaiyamma akamtia mkono kwapani akamnyanyua, na kwa kuwa mume ni mfupi na mke ni mrefu, kazi haikuwa kubwa. Akampakia kwenye bajaji ya jirani, akapanda naye, akamwambia dereva, "Ukisimama kunywa chai nitakushusha niendeshe mwenyewe." Njiani pua ya Ettiappan ilianza kutoka damu, ikalowanisha ncha ya sari ya mkewe. Hapo ndipo alipoacha kubisha. Pachaiyamma aliogopa vibaya sana, lakini alitazama barabara tu.

Hospitali daktari aliuliza, "Ameumwa lini?"

"Jana," akasema Pachaiyamma.

Ettiappan akafumba macho. "Juzi jioni."

Pachaiyamma alitaka kumpiga kibao pale pale kitandani. Badala yake aliushika mguu wake, na hakuuachia mpaka chupa ya kumi ya dawa ilipokwisha kuingia mshipani. Wakampima damu, haikuganda. Wakaongeza dawa. Alfajiri nesi alipindua chupa ya damu, na damu ikabaki pale pale. Ndipo Pachaiyamma alipokaa chini sakafuni, akalia kwa kwikwi.

Siku ya tatu Mzee Chokkan alikuja na ndizi mbivu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akatazama mlangoni, akashusha sauti. Alikuwa na nia njema, hilo simnyimi.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Kijijini nimesema ni homa. Hakuna atakayekucheka. Kama tulivyosema juu ya marehemu baba yako."

Pachaiyamma aliacha kumenya ndizi. Alikuwa ameolewa mwaka mmoja baada ya msiba ule, na miaka yote hiyo ameambiwa baba mkwe alikufa kwa homa.

Ettiappan akajiinua kwa mkono wake mzima.

"Mimi nilikuwepo, mzee. Baba alikuwa anatema damu, mimi ndiye niliyekuwa nafukia kwa mchanga watu wasiione. Mkaniambia ninyamaze."

"Ilikuwa kwa heshima yake."

"Rudi ukawaambie niliumwa na suruttai. Na baba pia, uwaambie."

"Baba yako amekufa zamani, Ettiappan. Sasa itamsaidia nini?"

"Mzee, na mimi ningekufa juzi, binti yangu Valli mngemwambia nini?"

Mzee Chokkan akatazama mikono yake.

"Homa," akasema Pachaiyamma. "Mngemwambia homa."