Bawa Nililolichoma

Gundi ya ngozi ikichemshwa mahali, mwanangu, mimi hutoka nje. Watu hudhani naikimbia harufu yake. Naikimbia siku moja ya miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana wa useremala mjini Nakuru, mwenye mikono hodari na kichwa kigumu.

Kaka yangu Kipkoech alinipita kwa miaka saba. Tulizaliwa katika shamba la mzungu kule Rongai, ambako baba alikuwa kibarua. Wakati wa ile vita kubwa ndege zilipita juu yetu, na Kipkoech, akiwa mvulana tu, akachonga ya kwake kwa kipande cha mtarakwa kilichobaki kwenye nguzo za ua. Chombo chake kilikuwa kisu cha jikoni. Alipokua aliingia jeshini, akapelekwa vitani katika nchi ya Malaya, huko Asia, na hakurudi. Chifu alikuja kutuambia amezikwa hukohuko. Kaburi lake hatukuliona, na hata picha yake hatukuwa nayo. Mama alibaki na ile ndege ya mti, akaitundika juu ya meko, ikawa nyeusi kwa moshi, na jioni aliishusha akaipakata.

Krismasi moja nilienda nyumbani nikakuta bawa lake moja limelegea. Mama akaniambia, "Kimutai, wewe sasa ni fundi. Nigundishie hilo bawa tu, halafu uirudishe." Nilimsikia vizuri, lakini kijana mwenye ujuzi mpya haambiliki.

Karakanani niliifuta masizi, nikaipiga msasa mpaka mti ukawa mwekundu kama siku ulipopasuliwa. Lile bawa nikaliona limetafunwatafunwa ukingoni, juu na chini, nikasema ni panya. Nikachonga jipya, limenyooka, vijana wenzangu wakalisifu. Na lile la zamani? Sisi vijana wa karakana tulizoea kuchochea moto wa gundi kwa vipande visivyofaa. Nikalitia chini ya kopo, na gundi iliyochemka kwa moto huo ndiyo niliyogundishia bawa jipya.

Fundi wangu, Mzee Wafula, aliingia nikiwa napaka vanishi. Akaigeuza ile ndege, akauliza, "Ile bawa ya zamani iko wapi?"

"Ilikuwa imeharibika, mzee. Nimeichoma."

"Mwenyewe alisema uchome?"

Nikachovya brashi kwenye vanishi.

"Kijana, kitu ya mtu hatuchomi kabla mwenyewe hajaiona. Nimewaambia mara ngapi?"

Nakuambia ukweli pamoja na aibu yake: nilimwona mzee mnung'unikaji anayenionea wivu.

Jumamosi nikaifikisha Rongai, nimeifunga kwa gazeti. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa bawa. Akarudia. Akaigeuza, akapitisha tena.

"Bawa lake liko wapi?"

Nikamweleza habari za panya, na jinsi nilivyolichoma.

"Hakuwa panya," alisema. "Kipkoech hakuwa na kitu cha kushikia mti. Aliushika kwa meno akichonga. Hata pengo lake la chini lilikuwa hapo."

Enzi zetu tuling'olewa meno mawili ya chini, ndiyo desturi ya kwetu. Hapo ndipo nilipoelewa kidole kile kilikuwa kikitafuta nini jioni zote alizoketi mekoni na ndege mapajani. Alikuwa akimshika mwanawe, nami nimemtia motoni nichemshe gundi.

Mama hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alinirudishia ndege akasema, "Hii ni yako. Umeitengeneza wewe." Hakuitundika tena, wala hakuitaja mpaka anakufa. Ninayo kabatini, haina kasoro, na siipendi.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwangu kinyemi kilipita siku hiyohiyo, kidonda nimezeeka nacho. Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Ukiombwa kidogo, fanya hicho kidogo. Kasoro unayoiona wewe kwenye kitu cha mtu, huenda ndiyo aliyoitunza miaka yote. Kuuliza si ujinga, basi uliza kabla hujashika msasa, na cha kale usikitupe mpaka mwenyewe akuambie. Mzee akikukemea, usikimbilie kusema ana wivu. Maji yakimwagika hayazoleki, na majivu vilevile.

Kigoda cha marehemu babu yako ulichoniletea jana kutoka kwenu nikisugue mpaka king'ae, sijakigusa. Kina alama ya moto upande mmoja. Kipeleke kwanza kwa nyanya yako, umuulize ilitoka wapi, na ukae umsikilize mpaka amalize. Mungu akupe mikono hodari kama aliyonipa mimi, na akupe na sikio ambalo mimi sikuwa nalo.