Homa ya Saa Tano

Gerda Kjeldgaard hajui kukaa. Watu wa Lemvig, mji mdogo wa pwani ya Denmark, ambao nusu yao amewalea yeye na nusu iliyobaki amewalelea watoto wao, husema kwamba hata kanisani anakalia ukingo wa benchi kama mtu aliyeacha jiko likiwaka. Kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa yaya wa manispaa. Watoto huletwa nyumbani kwake saa moja asubuhi na kuchukuliwa saa kumi, na hapo katikati mikono yake haina likizo: anafuta pua, anamenya viazi, anakunja nguo ambazo hazijakauka sawasawa. Mumewe Ejnar, mvuvi mstaafu, alishazoea kunyang'anywa kikombe cha kahawa kabla hajakimaliza.

Kazi ya uyaya huko ina ugonjwa wake ambao madaktari hawausomei: homa ya saa tano. Mtoto ameamka na homa, mzazi hana wa kumwachia wala hana ruhusa ya kuomba kazini, basi saa kumi na mbili asubuhi anamwekea dawa ya kushusha homa, ile ya kuingiza nyuma, laini kama kipande cha mshumaa. Saa moja mtoto anafika kwa yaya akicheka na kupunga mkono. Saa tano dawa imeisha nguvu na mtoto amelegea kama nguo mbichi. Yaya anapiga simu, na mzazi anashangaa sana: mbona asubuhi alikuwa mzima? Wote wawili wanajua, na wote wawili wanahamia kwenye habari za upepo na mvua. Watu wa pwani ile ni hodari kwa hilo. Hata aliyevunjika mguu ukimuuliza hali atakujibu si mbaya sana.

Gerda alikuwa mkali katika jambo hilo. Ukimletea mtoto aliyefichiwa homa, kesho yake unageuzwa mlangoni, wewe na mtoto na mkoba wake, na maneno mawili matatu ya kukusindikiza. Wazazi walimwogopa, na kwa siri walifurahi kwamba yupo wa kuogopwa. Lakini Pernille alishindwa kumgeuza.

Pernille alikuwa mtoto wake, kwa maana ya kazi. Miaka ishirini na saba iliyopita alimpokea akiwa na miezi kumi, akamshika mkono katika hatua zake za kwanza kwenye sakafu ya jikoni ile ile, na hata alipokuwa msichana mkubwa Pernille alikuwa akipita kumsalimia akitoka shule. Gerda hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Hakulisema hilo mara kwa mara, ila kila mtu aliyeziona picha zilizobandikwa kwenye friji yake aliona ni uso wa nani umejaa pale.

Sasa Pernille alikuwa na Tilde, wa mwaka mmoja na nusu, na alimleta pale pale. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Baba wa mtoto alikuwa baharini wiki mbili mbili. Ruhusa za mtoto mgonjwa Pernille alishazimaliza Februari, kwa mafua.

Jumatatu, Gerda alipombadilisha Tilde nepi, aliona utando mweupe wa nta, mabaki ya ile dawa ya kuingiza nyuma. Aliutambua mara moja. Akaikunja nepi, akaitupa, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Saa tano Tilde alikuwa na joto, lakini ndio wakati watoto wote wanapolazwa nje bustanini kwenye vigari vyao, hata kwenye baridi, na Gerda akajiambia kwamba joto lile ni la blanketi. Jumanne akaiona nta tena. Isitoshe, tangu wiki iliyopita Tilde alikuwa akilia kila anapokojoa, na mkojo wake ulinuka vibaya. Gerda alijiambia ni upele wa nepi, akampaka krimu kama alivyowapaka wote waliomtangulia. Pernille alipokuja kumchukua, Gerda alisema mtoto alikuwa mchovu kidogo. Pernille akasema labda ni meno. Gerda akasema huenda.

Usiku huo hakupata usingizi, na asubuhi ya Jumatano nta ilikuwapo tena.

Saa tano kasorobo Tilde alisukuma kando mkate wake mweusi uliopakwa ini la kusaga, akatapika juu ya meza, kisha akalaza shavu mezani. Gerda alimchukua. Shingo ilikuwa ya moto kiasi kwamba aliutoa mkono wake upesi. Kipimajoto kilisema thelathini na tisa na pointi nane. Moyo wake ukaanza kwenda mbio, na miguu nayo ikafuata: jikoni, bafuni, jikoni tena, mtoto begani, simu mkononi.

Pernille alijibu akihema. Alikuwa peke yake na wazee tisa, na mtu wa kumpokea angefika saa sita.

"Asubuhi alikuwa mzima," Pernille akasema.

Gerda akamwambia tu waonane kwa daktari.

Karani wa kliniki alimsikiliza, na aliposikia habari ya kulia na ya harufu, sauti yake ikabadilika. Akasema wafike saa sita na robo na waje na mkojo wa mtoto. Usikamuliwe kwenye nepi, maana humo mna vijidudu vya kila aina na kipimo kitasema uongo. Mtoto aoshwe kwa maji safi, kisha mkojo udakwe kwenye kikopo safi, unapotoka, hewani. Alilisema hilo kwa wepesi wa mtu asiyekuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mapajani.

Basi Gerda akamvua Tilde nepi, akamwosha, akaketi kwenye kigoda cha jikoni akiwa amempakata, miguu ya mtoto imetanuliwa, kikopo chini yake. Bustanini, mapacha Dagny na Ellinor, watoto wengine wawili wa siku hiyo, walikuwa wamelala kwenye kigari, na Ejnar alikuwa akiwachungulia kutoka dirishani. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Mtu mwingine angengoja. Gerda aliona tone la maziwa sakafuni. Akaona kitambaa kimening'inia vibaya. Akasikia viazi vikichemka na kifuniko kikigonga sufuria, akavumilia dakika tano, akavumilia dakika nane, halafu akanyanyuka, hatua mbili tu, kuzima jiko.

Tilde akakojoa hapo hapo, akilia kwa uchungu, mkojo wote kwenye soksi za Gerda.

Gerda akatazama zile soksi. Angeweza kulia na yeye. Saa ilikuwa tano na nusu, mtoto ametoka kutapika na hana maji mwilini, na ule mkojo wa dhahabu ulikuwa ukiingia kwenye nyufa za mbao.

"Kaa," Ejnar akasema. "Miaka yote hii sijawahi kukuomba ukae. Leo kaa."

"Viazi vyako vitaungua, mzee wangu."

"Viungue."

Akachukua bomba dogo la dawa lisilo na sindano, akawa anamdondoshea Tilde maji mdomoni, kidogo kidogo, kwa mikono yake mikubwa iliyokatwa na nyavu. Gerda alikaa. Alilowesha kitambaa kwa maji baridi, akawa anampapasa mtoto chini ya kitovu, kwa mzunguko, kama karani alivyomwelekeza, ili mkojo uje. Mgongo ulimuuma, na mawazo ambayo huwa anayakimbia kwa ufagio na ndoo yakapata nafasi ya kumfikia. Jumatatu nilijua. Jumanne nilijua. Kama maradhi haya ni ya mkojo, basi yamekuwa yakipanda mwilini mwa huyu mtoto siku tatu, na mimi nikimpaka krimu. Mtoto huyu akiharibika figo, mimi nilikuwepo.

Saa sita kasoro dakika kumi Tilde alikunja uso, na Gerda akasogeza kikopo. Safari hii aliudaka. Ulikuwa kidogo, mzito, na wa ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Gerda alifunga kifuniko, akajikuta anamshukuru mtoto kwa sauti, mara tatu nne, kama aliyepewa zawadi.

Kliniki iko juu ya kilima, na kilima cha Lemvig hakina huruma. Gerda alimlaza Tilde kati ya mapacha kwenye kigari kikubwa cha mayaya, kile kinachobeba watoto wanne, akatia kikopo kwenye mfuko wa koti, akasukuma. Upepo ulikuwa unatoka baharini na mara hii alau ulimsukuma mgongoni. Watu wawili walimsalimia hakuwajibu, jambo ambalo lilizungumzwa mjini hadi wiki iliyofuata.

Pernille alifika kwa baiskeli, bado na sare ya kazini. Alimkumbatia mtoto wake, akamwangalia Gerda mara moja, kisha akaangalia pembeni. Daktari alikuwa mwanamke kijana aitwaye Overby, asiye na haraka. Alitumbukiza kijikaratasi kwenye mkojo, na vijisanduku vyake vikabadilika rangi mbele ya macho yao. Akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo, hakuna shaka. Gerda alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akitikisa kigari chenye mapacha.

"Homa imeanza lini?" daktari akauliza.

"Leo," Pernille akasema. "Saa tano."

Daktari akageukia kompyuta. Akaeleza kwamba kama ni ya leo, basi wameiwahi. Atawaandikia dawa ya maji ya kumpa nyumbani, mkojo utapelekwa maabara, na wapige simu Ijumaa. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuandika. Pernille alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila neno, haraka haraka.

Gerda alimtazama Tilde. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, macho nusu wazi, haangalii kitu. Akafikiria kesho saa kumi na mbili asubuhi, kipande kingine cha nta. Akapiga moyo konde.

"Jumatatu," akasema.

Vidole vya daktari vikasimama.

"Homa ni ya tangu Jumatatu. Amekuwa akiwekewa dawa asubuhi, nimeiona kwenye nepi siku zote tatu. Na kukojoa analia tangu wiki iliyopita. Nilijua, nikanyamaza."

Daktari akamgeukia Pernille, bila ukali. Pernille alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alikuwa amekiweka kidevu juu ya nywele za mtoto, na alizungumza humo humo kwenye nywele.

"Jumapili," akasema. "Jumapili jioni."

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Daktari alimvua Tilde fulana, akambonyeza kwa upole ubavuni, nyuma, chini ya mbavu, na mtoto aliyekuwa hana nguvu hata ya kunung'unika akapiga ukelele. Daktari akasema siku tatu za homa na kutapika ni habari nyingine kabisa, huenda maambukizi yameshafika kwenye figo, na dawa ya kunywa haitoshi. Akapiga simu hospitali ya mkoa. Gari la wagonjwa lilikuja, Pernille akapanda na mtoto, na hakugeuka nyuma.

Alhamisi Gerda alifua mapazia yaliyokuwa safi. Akasafisha madirisha mvua ikinyesha. Ejnar alimwambia atulie, akamwambia hospitalini wana mashine, wana watu. Gerda akamjibu kwamba Jumatatu hapakuhitajika mashine. Alikuwa ameshampigia msimamizi wake wa manispaa na kumweleza yote bila kujipunguzia. Msimamizi alisema watazungumza wiki ijayo. Simu nyingine haikuja.

Ilikuja Ijumaa mchana, watoto wakiwa wamelala. Pernille alikuwa na sauti ya mtu aliyelala kitini siku mbili. Tilde homa imeshuka, amekula ndizi nusu. Dawa ilikuwa inaingizwa kwenye mshipa, kesho atabadilishiwa ya kunywa. Figo moja ilionekana imevimba. Watampima tena baada ya miezi kadhaa, ndipo watajua kama imeacha kovu. Madaktari walisema wangechelewa siku moja zaidi ingekuwa mbaya.

Gerda akasema anashukuru Mungu.

"Jumatatu uliona," Pernille akasema.

"Niliona, mwanangu."

"Mimi nilikuwa naogopa kazi. Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Gerda alikuwa na majibu mengi. Upele, blanketi, meno. Alikuwa ameyapanga tangu Jumatano, na kila moja lilikuwa na nusu ya ukweli.

"Wewe," akasema. "Niliogopa usinipende tena."

Upande wa pili alisikia kitanda kikigongwa, na mtoto akilalamika, na Pernille akimbembeleza. Kisha sauti ikarudi, karibu sana na simu.

"Sikumfuta, Gerda. Siku zote tatu sikumfuta, ile nta nikaiacha makusudi ili uione. Ungenigeuza mlangoni kama unavyowageuza wengine, kazini ningewaambia yaya amemkataa mtoto, wasingekuwa na la kunifanya. Kila asubuhi nilisimama pale kwako nasubiri unifukuze, na wewe ukanipa kahawa."

Nesi alikuwa anamwita. Pernille akasema lazima aende, na simu ikakatika.