Mwimbaji Asiyepumua

Kibanda changu kipo Kismayo, nyuma ya soko, na kazi yangu ni kuwatilia watu nyimbo kwenye simu. Mteja huja akitaka taarabu au nyimbo za Kisomali za harusi, nami humtilia. Kisha, kabla hajairudisha simu mfukoni, humwambia angoje kidogo, kuna mmoja huu ausikilize. Waliokwisha kunijua wakipata haja yao hutoka mbio.

Huo mmoja ni wimbo ulioimbwa na mtu asiyekuwepo. Wako watunzi, wengi wao vijana wa nchi za mbali, wanaoandika maneno na sauti kwenye kompyuta, nayo kompyuta ikaimba yenyewe, kwa sauti nyembamba ya msichana. Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa nafua, na nilimaliza beseni zima bila kujua, maneno yenyewe sielewi hata moja. Tangu siku hiyo nimekuwa kero kwa watu. Ukitaka ushauri wangu, za huzuni ziache kwanza. Anza na zile ambazo ngoma inaingia kabla hujakaa vizuri, na msichana anapanda, anapanda, humwoni akishuka. Hizo ni za kufulia, za kutwangia, za kuendeshea bajaji barabara ikiwa tupu. Mchora hina wa kibanda cha pili alilalamika kwamba zinamharakisha mkono, maua yanatoka makubwa kuliko alivyokusudia. Lakini kuzifuta hajazifuta.

Aliyezikataa kabisa ni mjomba wangu. Alisema msichana huyo anaimba kama aliyemwagikiwa chai ya moto. Mjomba ni fundi wa mashua. Aliishi Mombasa miaka mingi ya ukimbizi akichonga viti na vitanda, kisha akarudi kisiwani kwetu Chula na mkewe, akaunda mashua yake ya kwanza tangu kurudi. Ilipokamilika, watu walimwambia kuunda ameunda, ila wa kuishusha majini hawapo tena. Maneno hayo yalimchoma. Nilipokwenda kuwatembelea nilimsikia akimwambia mkewe kwamba mashua isiposhuka kwa bamvua hii, maji makubwa ya mwezi mpevu, basi Chula si kwao tena, warudi Mombasa akachonge viti. Mkazamjomba wangu alichukua kopo la maji akatoka. Alikuwa amekwisha kupanda mchicha nyuma ya nyumba.

Kwetu chombo hakishushwi kimyakimya. Mmoja huita wimbo, wengine huitikia, na ni wakati wa kuitikia ndipo kamba huvutwa. Waliojua kuita wametawanyika, wako Mombasa, wako kambini, wengine Ulaya, na waliobaki kila mmoja alimsukumia mwenzake. Mjomba akanipigia simu nimletee wimbo wowote wa kuvutia chombo. Sikuwa nao. Nilikuwa na msichana wangu, basi nikachagua ule wa kasi kupita zote, nikabeba spika kubwa ya kibandani na kupanda boti ya Chula. Njia nzima nilifurahi mwenyewe. Nilijiambia leo mjomba ataupenda kwa nguvu.

Alasiri maji yalipojaa, magogo yalikuwa yamelazwa mchangani na kupakwa sifa, mafuta ya samaki yanayonuka mpaka kichwani. Wanaume walishika kamba mbili za mbele, wanawake wakashika ya tatu. Nikawasha.

Watu walicheka, kisha wakavuta. Tatizo ni kwamba hawakuvuta pamoja. Kila mmoja alingoja mwitaji anyamaze ili aitikie, na msichana hakunyamaza. Aliunganisha neno na neno, hana habari. Huyu alivuta, yule akapumzika, kamba ya wanawake ikaenda kulia na ya wanaume kushoto. Mashua ikasogea kidogo, ikakaa upande, ikagoma. Watu walibaki wameinama, mikono magotini, wanahema. Mjomba aliyatazama maji, kisha akanitazama mimi, maana maji yakianza kurudi hayamngoji mtu.

"Mchu huyu hapumui?" akauliza kwa lahaja ya Chula.

Nikamwambia si mtu, ni kompyuta, pumzi haina.

"Basi mpe wewe."

Nilisimama kama mjinga, halafu nikaelewa. Nikaushika wimbo kwa kidole gumba kwenye simu. Msichana akiimba kipande, namsimamisha. Kukawa kimya, na ndani ya kimya kile mkazamjomba akapaza sauti, "Haya twende!", na watu wote wakaitikia na kuvuta. Nikamwachia msichana tena, nikamsimamisha tena. Mara ya kwanza nilichelewa wakanizomea. Baada ya hapo kidole kikashika mwendo, wanawake wakaanza kumwitikia kwa maneno yao, ya kumtania fundi na tumbo lake, na mashua ikanyooka, ikashika magogo, ikaanza kwenda. Sijawahi kuusikia wimbo ule ukiwa mtamu hivyo. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na kidole kinauma.

Ikaingia majini kwa kishindo, ikayumba, ikatulia. Watu wakapiga vigelegele, spika nikaizima, hakuna aliyeihitaji tena.

Mjomba alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, kiganja kimelala ubavuni mwa mashua. Hakunisifu, si desturi yake. Aliniita nisogee, na kwa sauti ya mtu anayeagiza misumari akaniambia wimbo ule nimtilie kwenye simu yake, atauhitaji kwa ile ya pili.

Mkazamjomba alikuwa nyuma yangu. Aliposikia "ile ya pili" aliketi pale pale majini, na nguo zake zote, akacheka mpaka mawimbi yakamwingia mdomoni.