Basi la Thani na Gordon

Thani bin Mahfoudh alikuwa fundi wa bodi za mabasi Unguja. Siku hizo mabasi yalishushwa bandarini yakiwa fremu, injini na magurudumu tu, na mafundi wa mbao kama yeye ndio waliotengeneza kuta, paa na viti. Yalipotokea mapinduzi mwaka 1964, alikimbilia Maskati, nchi ya babu zake ambayo hakuwahi kuiona, pamoja na mkewe Aliya na binti yao Nasriya. Akafikia mji wenye magari machache mno, na basi hata moja hakuliona. Akapata kibarua katika mji jirani wa Matrah, kutengeneza milango na masanduku. Kila lilipopita lori, alisimama na randa mkononi akilitazama mpaka lipotee.

Mwaka 1967 aliajiriwa useremala katika kambi ya kampuni ya mafuta. Huko ndiko alikokutana na Gordon.

Gordon alikuwa Mwingereza, mchoraji wa magari. Kiswahili alijifunza Mombasa alipokuwa askari wakati wa vita. Kwao alifanya kazi kiwandani miaka mingi, akichora taa, bampa na vitasa vya milango. Gari zima alilichora mara moja tu, na wakubwa wakalikataa huku wakicheka mbele ya wenzake. Akaacha kazi, akaja Omani kusimamia magari ya kampuni.

Siku moja lori la kampuni likapinduka mlimani. Dereva alitoka salama, lakini bodi ilipondeka yote. Liliporudishwa karakana, Gordon alilizunguka upande huu na Thani upande ule, wakakutana mbele.

"Unaona ninachokiona mimi?" aliuliza Gordon.

"Nnaona basi," alijibu Thani.

Gordon alipiga ukelele wa furaha, akatwaa chaki, akaanza kuchora palepale ukutani. Thani akampokonya chaki, akaongeza madirisha.

Mkuu wa kambi aliwaruhusu walitengeneze baada ya saa za kazi, liwe la kuchukulia wafanyakazi. Walibishana kila jioni. Gordon alitaka pua ya gari iwe ya mviringo. Thani alisema mbao alizonazo hazikubali kukunjwa hivyo, kisha akaondoka akazichemsha na kuzikunja mwenyewe. Aliya alipokuja kuliona, alijaribu kupanda, buibui likanasa.

"Baba Nasriya, hili basi la watu au la mbuzi?"

Wakaongeza kidato, wakapanua mlango wa nyuma, wakaweka viti vinavyokunjuka vikawa kitanda. Walipolijaribu mara ya kwanza liliyumba vibaya, kwa kuwa paa lilikuwa zito. Thani alikaribia kulia. Wakaliezua paa, wakaweka bati jepesi, na safari hii likasimama barabara.

Ijumaa moja Gordon akashika usukani, yeye, Thani na Aliya wakaelekea kijiji cha Mawaleh kumtembelea Bakhita, mdogo wake Aliya, aliyekuwa mjamzito. Walikuta wanawake wamejaa uani. Bakhita alikuwa na uchungu tangu jana, na mtoto hatoki.

"Mpelekeni hospitali Matrah," alisema mkunga. "Mimi nimeshindwa."

Wakamlaza kwenye viti vilivyokunjuliwa, wakaondoka mbio. Lakini mvua ilikuwa imenyesha milimani, na wadi, bonde la mto waliloivuka asubuhi ikiwa kavu kabisa, sasa ilikuwa ikishuka maji ya udongo. Gordon akafunga breki.

"Tungoje yapungue?"

"Yapungue lini?" alipiga kelele Aliya kutoka nyuma. "Twende!"

Thani akaruka chini, akaingia majini kupima kina. Yalimfika mapajani, yakamsukuma, lakini chini palikuwa na mawe magumu.

"Nifuate mimi!" akapunga mkono.

Basi likaingia. Maji yaligonga sakafu, mbao zikalia, na Thani akasikiliza kila kiungo kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa. Hakikuachia hata kimoja. Magurudumu ya mbele yakakamata ukingo, injini ikanguruma, wakatoka! Thani alidandia kidatoni akicheka, maji yakimchuruzika. Gordon alipiga honi mpaka Matrah.

Kabla ya magharibi daktari alitoka kuwaambia kuwa mtoto wa kiume amezaliwa, na mama ni mzima. Wakamwita Thabit. Gordon aliketi kwenye ngazi za hospitali, akajifuta macho kwa mkono wenye grisi.

"Limevuka, Thani," alikuwa akirudia. "Gari letu limevuka."

Habari zikaenea pwani yote. Mwaka 1970, nchi ilipopata sultani mpya na ujenzi wa barabara kuanza, Gordon alikataa kurudi kwao. Akaacha kazi ya kampuni, wakafungua karakana ya bodi huko Ruwi, wao wawili. Wateja walikuja wakisema, "Tunataka kama lile lililovuka wadi."

Siku basi lao la kwanza la abiria lilipoanza safari za kwenda mji wa Sib, Thani hakumwambia mtu yeyote. Alivaa kanzu safi, akapanda kama abiria mwingine, akaketi katikati ya watu asiowajua. Bibi mmoja aliyekaa kando yake alipapasa ukuta wa mbao laini.

"Mashaallah," alisema, "limetoka Ulaya hili?"

"Hapana, bibi," alijibu Thani. "Ruwi."