Mabano ya Pampu ya Tatu

Asubuhi moja, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, niliondoka Ibadakuli kwa sababu ya maana kabisa: lori la kufuata pamba lilikuwa linaondoka. Dereva aliponiuliza nakwenda wapi, nilimuuliza yeye anakwenda wapi, tukakubaliana. Alasiri alinishusha upande wa Kharumwa, kwenye machimbo madogo ya dhahabu, akaniaga kama mtu anayeteremsha gunia lililooza.

Nyumba ya wageni haikuwepo. Wachimbaji walinielekeza kwa mlinzi wa pampu, mzee wa Kisukuma ambaye kampuni ilimpa nyumba yenye stoo.

"Shikamoo, mzee. Nimeambiwa una stoo."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Stoo ninayo. Ngoja kwanza nijue kama mimi mwenyewe nitalala hapa leo."

Pampu ilivuta maji kisimani kuyapeleka kwenye tangi la kuoshea mchanga wa dhahabu. Zamani mzee aliiwasha na kuizima kwa kutumia akili, kitu ambacho kampuni iliona kimepitwa na wakati. Likaletwa boksi lenye kompyuta ndogo ndani, lisilolala wala kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Tangu lifike, pampu mbili zilikuwa zimeungua kwa kuzunguka bila maji. Kwa kuwa boksi halikosei, mkosaji akawa mzee: amechezea nyaya. Ikiungua ya tatu, bosi alisema, yeye na wanawe watoke kwenye nyumba.

Siku hiyo fundi aliyeliandikia boksi maagizo alikuwa amekuja kuthibitisha kosa la mzee. Alikuja na kompyuta ya kubeba. Walioibeba walikuwa wawili.

"Mzee, boksi haliwezi kuwasha pampu kisima kikiwa kikavu. Nimelikataza mimi mwenyewe."

"Umelikataza, baba. Halijasikia."

Wachimbaji wakacheka. Fundi akavuta boya la kisimani, akalining'iniza hewani ili boksi lidhani maji yamekwisha. Tangi lilikuwa limejaa. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya.

"Mmeona?"

"Subiri tangi lishuke," mzee alisema, akaenda kufungulia bomba.

Maji yakamwagika, boya likiwa bado linaning'inia. Mara pampu ikanguruma. Hakuna aliyekuwa karibu na kitufe.

"Mzee amelifundisha boksi tabia mbaya," mchimbaji mmoja akasema.

Fundi akasoma maagizo yake kwa sauti: tangi likiwa tupu au kitufe kikibonyezwa, hapo akatua kuvuta pumzi, na kisima kikiwa na maji, washa. Akarudia kusoma. Safari hii hakutua, akakaa juu ya ndoo.

Mimi niliyeacha shule kabla haijanichoka nikauliza kuna nini. Alinijibu bila kunitazama. Katika lugha ya boksi, "na" hushika majirani zake kabla ya "au", kama kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha. Kwa hiyo sharti la kisima lilikibana kitufe peke yake. Tangi likiwa tupu, pampu iliwaka bila kumuuliza mtu. Ile pumzi aliyovuta ilibaki kifuani mwake, kwa sababu boksi huelewa kituo cha namna hiyo kwa mabano tu, na mabano hakuweka. Pampu mbili zimeteketea na nyumba ya mtu iko mashakani, halafu dawa yenyewe ni vialama viwili vilivyopinda kama kucha zilizokatwa.

Aliviweka, akachomeka kwenye boksi kidude kipya chenye maagizo yaliyosahihishwa, tangi likashushwa tena. Kimya. Boya liliporudishwa majini, pampu ikawaka kistaarabu.

Bosi alipoelezwa alitafakari sana, kisha akaomba radhi kwa namna yake: alimwagiza mzee akae karibu na boksi alitazame, maana mitambo ya siku hizi haiaminiki. Nyumba abaki nayo.

Mzee alikwenda kumweleza mkewe. Nilisikia mama akipiga vigelegele, kisha sauti ya masanduku yakifunguliwa upya. Walikuwa wameshafunga mizigo.

"Njoo, ng'wanawane," mzee akaita. "Hayo majembe yasogeze ukutani. Panya wapo, ila hawana makuu."

Nikasogeza majembe, nikatandika.